Kabla ya Kuchimba Msingi, Acheni Njia

Ndugu msomaji, huenda Jumapili hii ya leo wewe na mwenzako mmepanga kwenda kutazama kiwanja. Mmedunduliza fedha kwa miaka kadhaa. Kodi ya chumba inapanda, mwenye nyumba hana subira, na watoto wamekua kiasi kwamba hawawezi tena kulala chumba kimoja na wazazi wao. Rafiki amewaambia kwamba huko Chamazi, au Mbande, au Bunju, au Mabwepande, bado yako mashamba yanayokatwa vipande na kuuzwa. Mnapanda gari, mnateremka kituo cha mwisho, mnatembea kwa mguu au mnakodi pikipiki, na hatimaye mnafika mahali penye mikorosho na minazi michache. Mwenye shamba anasimama kando ya shina la muhogo, anaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Anageuka upande, anahesabu nyingine ishirini. Anachomeka kijiti. Kiwanja chenu ndicho hicho: hatua ishirini kwa ishirini.

Katika saa hiyo ya furaha maswali huwa mengi. Bei haipungui? Maji ya kisima yako umbali gani? Mashahidi watakuwa akina nani, na karatasi itaandikwa wapi? Yote ni maswali ya busara. Lakini liko swali moja ambalo mara nyingi husahauliwa, na ambalo likisahauliwa siku hiyo hulipiwa na watoto na wajukuu: njia itapita wapi?

Makala haya yanahusu swali hilo. Linaonekana dogo, lakini ndani yake limo suala zima la namna mji wetu unavyokua, na gharama ambayo kila familia ya mfanyakazi inalipa kwa sababu mji huo unakua bila kungojewa.

MJI ULIOZIPITA RAMANI ZAKE

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1967, mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 273,000. Mwaka 1978 mkoa mzima ulikuwa na watu kama 843,000. Mwaka 1988 walikuwa 1,360,000 hivi. Mwaka 2002 walikaribia 2,500,000. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Na katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 5,383,728. Mtoto aliyezaliwa wakati wa hesabu ile ya 1967 alikuwa na umri wa miaka 55 ilipofanyika hesabu ya 2022. Hata tukikumbuka kwamba hesabu ya kwanza ni ya mji na ya mwisho ni ya mkoa mzima, katika maisha ya mtu huyo mmoja wakazi wameongezeka karibu mara ishirini. Ardhi ya mkoa, kilometa za mraba kama 1,393, haikuongezeka hata shubiri.

Si kweli kwamba mji huu haukupangwa. Ulichorewa mpango mkuu mwaka 1949, wakati wa ukoloni. Ukachorewa mwingine mwaka 1968, na mwingine tena mwaka 1979. Baadaye ukatengenezwa mpango wa miaka ishirini, kuanzia 2016 hadi 2036. Ndani ya ramani hizo barabara zilionyeshwa, viwanda vikapewa mahali pake, mabonde yakatengwa yasijengwe, na shule na masoko yakawekewa alama.

Lakini kati ya ramani na nyumba pana kazi kubwa. Ardhi lazima ipimwe, wenye mashamba walipwe fidia, barabara zichongwe, ndipo viwanja vigawiwe. Kazi hiyo haikwenda kwa kasi ya watu waliokuwa wakishuka katika vituo vya mabasi na gari moshi. Katika miaka ya 1970 halmashauri za miji zilivunjwa, zikarudishwa mwaka 1978, na katika miaka hiyo watu hawakuacha kuja mjini. Mwananchi aliyeomba kiwanja cha serikali aliweza kungoja miaka mingi. Mwananchi aliyekwenda kwa mwenye shamba alipata kiwanja siku ile ile. Tusimlaumu kwa haraka. Alikuwa akitafuta pa kulala na watoto wake.

Matokeo yake tunayaona. Makadirio yaliyorudiwa kwa miaka mingi ni kwamba karibu robo tatu ya wakazi wa jiji wanaishi katika maeneo yaliyojengwa bila kupimwa. Kwa maneno mengine, mpangaji mkubwa wa mji wa Dar es Salaam amekuwa ni yule mwenye shamba anayehesabu hatua, pamoja na mimi na wewe tunaomfuata nyuma.

KUSONGAMANA SI KUSHIKAMANA

Mji unaojijenga wenyewe huharibika kwa njia mbili, nazo zaweza kuonekana kama ni kinyume.

Njia ya kwanza ni kusongamana. Tembelea Tandale, Manzese, Keko, au sehemu za ndani za Mwananyamala. Nyumba zilianza zikiwa na nafasi baina yake. Kisha huyu akaongeza chumba cha uani, yule akasogeza ukuta, wa tatu akajenga choo palipokuwa na njia. Leo ziko sehemu ambapo watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Wakazi wa mitaa hiyo wanajua maana yake vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku hubebwa mpaka barabarani. Jeneza hutolewa kwa kuinuliwa juu ya mabega, likikwepa mabati. Moto ukizuka gari la zimamoto husimama mbali, na mfereji wa maji ya choo hauna pa kupita ila mlangoni kwa jirani.

Njia ya pili ni kutawanyika. Mji unakimbia pembezoni kufuata barabara ya Kilwa, barabara ya Bagamoyo na barabara ya Morogoro. Huko nyumba moja iko hapa, nyingine kule, na katikati ni pori la mtu anayengoja bei ipande. Hapo hewa ni nzuri na kelele hakuna. Lakini maji ni ya madumu, umeme unahitaji nguzo nyingi, shule iko mbali, na baba na mama huondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi watoto wamekwisha kulala.

Watu wengi hudhani dawa ya msongamano ni kutawanyika. La hasha. Wataalamu wa mipango miji duniani wanashauri njia ya tatu: mji ulioshikamana. Katika mji ulioshikamana nyumba hukaribiana, na pengine hupanda juu, lakini njia, mifereji, shule na uwanja wa kuchezea watoto huwa vimetengwa kwanza. Tandale ina nyumba zilizokaribiana bila njia. Pori la pembezoni lina nafasi tele bila huduma. Mji ulioshikamana una watu wengi mahali pamoja, na njia ya kuwafikia.

BOMBA LA MITA MIA MOJA

Tufanye hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa darasa la tano ataiweza. Chukua barabara ya mtaa yenye urefu wa mita 100, ambayo chini yake linapita bomba la maji. Nyumba ziko pande zote mbili.

Kama kila kiwanja kina upana wa mita 40 mbele, kama wanavyotamani wengi wetu, bomba hilo litahudumia viwanja vitano. Kila familia, iwe inajua au haijui, inabeba gharama ya mita 20 za bomba. Kama kila kiwanja kina upana wa mita 20, viwanja vitakuwa kumi, na kila familia itabeba mita 10. Na kama juu ya kila kiwanja cha mita 20 imejengwa nyumba ya ghorofa nne yenye familia nane, familia zitakuwa 80, na kila moja itabeba mita moja na robo tu. Bomba la familia 80 litakuwa nene zaidi, na maji yatahitaji kusukumwa juu. Lakini mtaro ni ule ule mmoja, na barabara ni ile ile moja.

Lililo kweli kwa bomba ni kweli pia kwa waya wa umeme, kwa lami, kwa mfereji wa mvua, kwa taa ya barabarani, na kwa basi. Basi haliwezi kupita kila dakika tano mahali penye nyumba tatu. Zahanati haiwezi kuwekwa mahali penye wagonjwa kumi. Kila tunapoongeza upana wa viwanja vyetu na umbali baina ya nyumba zetu, tunaongeza urefu wa kila kitu tunachokidai kwa serikali, kisha tunashangaa kwa nini hakifiki.

SINZA NA MANZESE

Pengine utasema kwamba haya ni maneno ya vitabuni. Basi tuangalie mambo yaliyotendeka hapa hapa kwetu.

Katika miaka ya 1960 fikra ilikuwa kubomoa nyumba mbovu na kujenga mpya mahali pale pale. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilifanya hivyo Magomeni na kwingineko. Nyumba mpya zilikuwa nzuri, lakini kila moja ilisimama mahali palipobomolewa nyingine, kwa hiyo upungufu wa nyumba ulibaki palepale. Mwaka 1972 serikali ikabadili mwelekeo. Badala ya kumjengea mwananchi nyumba, ikaamua kumpimia kiwanja na kumletea huduma, naye ajenge mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi ule ulianza miaka ya katikati ya 1970 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mradi ulikuwa na sehemu mbili. Katika maeneo yaliyokuwa mashamba, kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, viwanja vilipimwa na barabara zikachongwa kabla ya nyumba kujengwa. Katika maeneo yaliyokuwa yamekwisha kujengwa, kama Manzese, Mtoni na Tandika, barabara na mabomba yaliingizwa katikati ya nyumba zilizokuwapo, na watu hawakuhamishwa. Sehemu zote mbili zilikuwa jambo jema, na hakuna apendaye kurudi kwenye siku za tingatinga.

Miongo kadhaa baadaye, wachumi kadhaa walirudi kutazama matokeo. Walichunguza mitaa ya mradi ule katika miji saba ya Tanzania, Dar es Salaam ikiwamo: mitaa 12 iliyopimwa ikiwa mitupu na mitaa 12 iliyotengenezwa baada ya kujengwa. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2021. Waliona kwamba mitaa iliyopimwa kwanza ilikuwa na nyumba bora, zilizopangika vizuri na zenye thamani zaidi, kuliko mitaa iliyotengenezwa baadaye. Tofauti haikufutika kwa miaka yote hiyo. Barabara iliyoachwa siku ya kwanza ilibaki kuwa barabara. Na mahali ambapo haikuachwa, ilikuwa vigumu kuirudisha.

Tena, ndugu msomaji, viwanja vingi vya mradi ule vilikuwa vidogo. Kiwanja cha kawaida kilikuwa na mita za mraba 288 hivi, yaani mita 12 kwa 24. Ni pungufu ya zile hatua zetu ishirini kwa ishirini. Kwa hiyo uzuri wa Sinza haukutokana na ukubwa wa kiwanja. Ulitokana na njia iliyopita mbele yake.

UMBALI NAO UNA BEI

Mwaka 2002 ulianza mradi mwingine mkubwa, uliojulikana kwa jina la Viwanja 20,000. Serikali ilitwaa mashamba pembezoni mwa jiji, katika sehemu kama Bunju, Boko, Mbweni, Tuangoma na Kibada, ikalipa fidia, ikapima na kuuza. Viwanja vilivyopimwa vilizidi 30,000, na fedha za mauzo zikarudisha gharama. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu wananchi wengi walipata kiwanja chenye mipaka inayojulikana.

Hata hivyo mradi ule una funzo lake. Viwanja vingi vilikuwa vikubwa na mbali, na maji na barabara nzuri vilichelewa kuvifuata. Wengine walinunua, wakazungusha ukuta, wakaacha majani yaote kwa miaka. Baadhi ya wenye mashamba waliolipwa fidia walikwenda kununua mbali zaidi, nao wakaanza kukata vipande na kuhesabu hatua. Hivyo mji ukasukumwa mbele tena.

Funzo jingine lilitoka kwenye maji. Mnamo Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, bonde la mto Msimbazi likafurika, na watu zaidi ya 40 wakafa. Familia zilizopoteza makazi mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, kilometa zaidi ya 30 kutoka katikati ya jiji. Kuwatoa bondeni ilikuwa lazima. Lakini mtu anayeishi kwa kuuza samaki au kubeba mizigo sokoni hawezi kuishi mahali ambapo nauli ya kwenda na kurudi inakula faida ya siku nzima. Baadhi yao walirudi mjini. Walikuwa wakifuata riziki, na riziki haikuhamishwa pamoja nao.

Hapa ndipo akina baba na akina mama wanapopaswa kufanya hesabu upya. Kiwanja cha mbali huonekana rahisi siku ya kununua. Lakini weka kando ya bei yake nauli ya watu wawili kwa siku 25 za mwezi, kwa miezi 12, kwa miaka 20. Ongeza nauli za watoto wa sekondari. Ongeza bei ya maji ya madumu. Kisha ongeza kitu kisicho na bei: yale masaa matatu au manne ya kila siku ambayo mzazi yuko njiani badala ya kuwa na mwanawe. Wako watoto wengi pembezoni mwa mji huu ambao wanawafahamu wazazi wao vizuri siku ya Jumapili tu.

Usafiri wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, umeonyesha jinsi safari inavyoweza kufupishwa. Njia ya awamu ya pili imejengwa kwenda Mbagala. Lakini basi la namna hiyo linahitaji watu wengi waishio karibu na vituo. Kama kando ya barabara ya Kilwa tutaweka maghala na kuta ndefu, na watu tuwapeleke kilometa kumi ndani ya mashamba, basi litapita mbali na wale wanaolihitaji.

GHOROFA SI ANASA

Tukisema kujenga juu, wengi hudhani ni mambo ya matajiri wa Upanga na Masaki. Tusisahau kwamba mababu zetu wa mjini hawakuwa wageni katika kuishi kwa kukaribiana. Nyumba ya Kiswahili tuijuayo sote, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita huku na huku, na uani nyuma palipo na jiko na choo, iliweza kulea familia kadhaa chini ya paa moja. Mwenye nyumba aliishi na wapangaji wake, kodi ikamsomeshea watoto, na mgeni kutoka bara akapata pa kuanzia. Hiyo ilikuwa njia ya kushikamana, na ilitufaa. Upungufu wake ni mmoja: ilienea chini tu, haikupanda.

Pale Magomeni, katika Wilaya ya Kinondoni, tunaona mfano wa kupanda. Kota za zamani zilizokuwa chini zilibomolewa, na baada ya miaka mingi ya kusubiri, yakasimama maghorofa ya familia 644, yaliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022. Subira ile ilikuwa ndefu mno kwa waliohamishwa, na hilo lisirudiwe mahali pengine. Lakini matokeo yanaonyesha kwamba familia za kawaida zinaweza kuishi ghorofani, karibu na soko, hospitali na kituo cha basi, bila mji kusogea mbele hata hatua moja.

Hapa lazima tutoe onyo. Ghorofa si chumba kilichobebwa na chumba kingine. Msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini hauwezi kupandishiwa ghorofa kwa sababu fundi mwashi amesema utahimili. Mnamo Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu zaidi ya 30, na Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu wengi. Anayetaka kupanda juu aanze kwa mhandisi na kibali cha halmashauri. Aidha, familia nane haziwezi kutegemea shimo moja la choo, na bomba kubwa la maji machafu limefika katika sehemu ndogo tu ya jiji. Ndiyo maana ghorofa inafaa mahali ambapo gari la kunyonya maji taka linaweza kuingia, na tunarudi palepale: njia.

MITA TATU NA NUSU

Sasa turudi kwenye kiwanja chetu cha hatua ishirini kwa ishirini. Hatua ya mtu mzima ni pungufu ya mita moja. Tuseme ni sentimita 90. Kiwanja kitakuwa mita 18 kwa 18, yaani mita za mraba 324.

Lori au gari la zimamoto lina upana wa karibu mita mbili na nusu. Ili magari mawili yapishane na mfereji upate mahali, njia ya mtaa inahitaji kama mita saba. Kama wewe na jirani wa mbele mtagawana, kila mmoja atatoa mita tatu na nusu kwa upana wa mita 18. Hizo ni mita za mraba 63, karibu sehemu moja ya tano ya kiwanja chako.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na haifai kuufunika kwa maneno matamu. Umelipa fedha kwa kiwanja kizima. Hakuna atakayekurudishia sehemu ya tano. Mita 63 zinatosha vyumba vinne, na vyumba vinne ni kodi ya wapangaji wanne. Kila mwenye kiwanja hufanya hesabu hiyo moyoni na kusema: jirani aache, mimi nimekwisha kujenga. Na jirani naye anasema vivyo hivyo. Mwisho wake hakuna aliyeacha, na wote wawili wanabeba maji kichwani.

Lakini pima na upande wa pili. Kiwanja cha mita za mraba 261 kilicho kando ya njia hupata bomba, hupata nguzo ya umeme, huzolewa taka, na mkeo au mwanao akiugua usiku gari humfikia mlangoni. Kiwanja cha mita 324 kisicho na njia hubaki na ukubwa wake tu. Na siku mtaa utakapoingizwa katika urasimishaji wa makazi, njia italazimika kupatikana hata hivyo. Lakini safari hii itapatikana kwa kuvunja ukuta, choo au chumba cha mpangaji. Waswahili wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili tungeweza kusema: usipoacha njia utabomoa ukuta.

Majirani wakiamua, inawezekana. Pale Hananasif, Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi, mafuriko yalikuwa yakiingia majumbani kila masika. Katika miaka ya 1990, kwa kusaidiwa na serikali na mashirika ya kimataifa likiwamo Shirika la Kazi Duniani, wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, walichimba na kujenga mifereji na barabara za mtaa kwa mikono yao na kupata ujira kwa kazi hiyo. Hawakungoja mtaa wao ubomolewe ndipo uwe mtaa.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, kabla hujalipa hata shilingi ya kishika uchumba, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha nenda idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri yako. Uliza kama eneo lile lina mchoro wa mipango miji, na kama kiwanja kimeangukia barabara, shule, bonde au hifadhi ya bomba. Kwenda huko hakuna gharama ila nauli na saa chache. Mali bila daftari huisha bila habari.

Pili, kama hakuna mchoro, msianze kujenga kabla hamjakaa pamoja. Watafuteni walionunua kwa mwenye shamba yule yule, na mwenye shamba mwenyewe awepo. Kubalianeni juu ya upana wa njia, mwandikiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kisha mpande minyaa kwenye mstari wa makubaliano. Ni bora zaidi mkichanga fedha kwa pamoja na kumleta mpima aliyesajiliwa. Yule ambaye kiwanja chake kimeangukia njia yote asiachwe peke yake. Wengine wamchangie, kwa kuwa wote watapita hapo.

Tatu, anayeishi katika eneo lililokwisha kujengwa afuatilie leseni ya makazi au hati, ambazo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaziruhusu, na asikwepe mikutano ya urasimishaji. Asiyekuja mkutanoni hukuta njia imepangwa kupita kwake.

Nne, na hili ni la viongozi na wataalamu wetu: pimeni mapema, na pimeni vidogo. Mwananchi wa kipato cha kawaida hahitaji nusu eka. Anahitaji kiwanja kidogo chenye njia, karibu na basi. Upimaji wa nchi kavu mitupu, hata kama ni vigingi na barabara za vumbi tu, ni rahisi kuliko fidia ya kesho. Na kandokando ya njia kuu za mabasi pajengwe nyumba za ghorofa za kupanga ambazo mfanyakazi anaweza kuzilipia.

Wilaya zetu hazitaacha kukua. Temeke na Kinondoni zilikwisha kumegwa, zikazaliwa Kigamboni na Ubungo mnamo 2015 na 2016, na watoto wa sensa ya 2022 nao watataka pa kujenga. Hatuwezi kuwazuia wasiwe wengi, wala hatuwezi kuongeza ardhi.

Basi, ndugu msomaji, kama leo unakwenda kutazama kiwanja, nenda salama. Mwenye shamba atakapomaliza kuhesabu hatua zake ishirini na kuchomeka kijiti, mwombe asimame kidogo. Waite na walionunua jirani. Hesabuni pamoja hatua nne nyingine kurudi ndani kila upande, mchomeke vijiti vyenu wenyewe, ndipo mlipe. Na kama umekwisha kujenga, chukua kamba jioni hii, utoke na watoto wako, upime njia inayopita mlangoni kwenu. Wao ndio watakaoirithi.